Mwaka Nilioshika Maji ya Halmashauri

Zuhura alinipigia simu asubuhi kuniambia kwamba mama yake, Rehema, amefariki, na kabla sijamaliza kumpa pole nilikuwa nimeshaanza kusikia harufu ya vumbi lililomwagiwa maji. Ndivyo ilivyokuwa kila mara nilipolisikia jina la Rehema. Wengine wakifikiwa na msiba huona sura ya marehemu. Mimi niliiona bustani ya halmashauri pale Same, jirani na stendi, na uzio wake wa michongoma, na chumba cha chini ya tangi nilichokaa mwaka mzima nilipokuwa binti wa miaka ishirini. Nimefanya kazi ya uuguzi mpaka nikastaafu, nimeishi Sumbawanga kuliko nilivyoishi mahali pengine popote, nimezaa na nimezika mume, lakini mtu akiniuliza utu uzima wangu ulianzia wapi, nitamwambia ulianzia mle ndani ya michongoma. Sisemi hivyo kwa kupapenda. Nilipachukia, na mpaka siku ya simu ile nilikuwa bado napachukia.

Lazima nieleze kwanza habari ya maji ya kwetu, maana bila hiyo msomaji atadhani nilikuwa mjinga tu, na ujinga wangu ulikuwa na mafunzo yake. Kwetu mlimani, Upare wa kusini, tunamwagilia kwa ndiva, yaani bwawa la udongo linalokusanya maji ya kijito usiku, asubuhi likafunguliwa, maji yakateremka kwa mfereji kwenda mashambani kwa zamu. Sijui wenzetu wa Usangi wanafanyaje, lakini kwenye ndiva yetu mwenye zamu hupokea maji mkononi. Aliyemtangulia humpa jembe la kufungulia mfereji na kumwambia, "Maji haya hapa," naye hujibu, "Nimeyapokea." Ukishatamka hivyo huondoki. Mvua inyeshe, mtoto alie, chungu kiungue jikoni, unakaa na maji mpaka aje mwingine, umtazame usoni, umkabidhi jembe. Wala si mambo ya uchawi. Maji yakiachwa peke yake hubomoa kingo za mfereji na kuteremka na shamba la jirani wa chini, mahindi pamoja na udongo wake. Mzee mmoja wa kwetu aliwahi kufanya hivyo, akafa zamani sana, lakini wajukuu zake wakigombana na mtu mpaka leo huambiwa kwamba wao ni wa yule aliyeyaacha maji. Hayo niliyajua kabla sijajua kusoma.

Sasa nije kwa Mzee Zefania. Alikuwa mtu wa kitongoji chetu, na alitunza bustani ya halmashauri tangu mimi nikiwa mdogo. Nilishuka Same nikiwa njiani kwenda chuo cha uuguzi huko nyanda za juu kusini. Nafasi nilikuwa nimeshaipata, chuo kilikaribia kufunguliwa, nilichobakiza ni kupimwa afya hospitalini na kungoja siku ya basi. Mkewe aliposikia nashuka alinibebesha mkungu wa ndizi na kifurushi cha tangawizi nimpelekee. Nilimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu mmoja ameunyoosha juu ya jiwe lililopakwa chokaa, na mpira wa maji unamwaga kwenye shina la mwarobaini. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza habari za nyumbani, kisha akaanza kuulalamikia mguu. Unamuuma mpaka nyongani, alisema, na daktari wa Moshi amemwita, na atarudi Jumamosi. Huku akisema alikuwa anavua kamba aliyoivaa shingoni. Kwenye kamba ile kulikuwa na ufunguo wa koki kuu ya bustani, kipande cha chuma cha urefu wa kiganja kilichotengenezwa na fundi wa kuchomea, na hapakuwa na kingine kama hicho mjini. Akaniwekea mkononi, akaacha Kiswahili, akanitamkia kwa Kipare maneno yale ya kwenye ndiva.

"Maji haya hapa."

"Nimeyapokea," nikajibu.

Nilijibu haraka, jinsi mtu anavyoitikia salamu. Angesema tu nimshikie ufunguo, ningeushika siku mbili tatu na siku ya safari ningempelekea mkubwa wake ofisini. Lakini aliyatafuta maneno yale, na alipoyasema alikuwa anautazama mwarobaini, si mimi. Nimefikiria sana kule kutazama pembeni kwake. Nimewaona watu wengi wakitazama pembeni namna ile katika kazi yangu, wengi wao ni ndugu wanaomleta mgonjwa hospitalini na kuniambia wanakwenda kununua maji ya kunywa mara moja.

Jumamosi ilipita. Nikahamia kwenye chumba cha chini ya tangi, kwa sababu maji ya bomba yalifika alfajiri kwa saa chache tu na asiyekuwapo kufungua koki aliyakosa mpaka kesho yake. Nikikumbuka chumba kile nakumbuka kwanza ubaridi wake. Same nzima ilikuwa inaungua, upepo wa tambarare unaleta vumbi mpaka ndani ya meno, na mimi nilikuwa na chumba kinachotoa jasho la maji kutani, ambacho mtu mwingine angekiona bahati. Kulikuwa na kitanda cha mbao, reki, fyekeo, toroli lisilo na tairi, na jiko la mkaa. Juu ya kichwa changu maji yalidondoka ndani ya tangi bila kupumzika. Dirisha dogo lilitazama michongoma, na ng'ambo ya michongoma kulikuwa na kioski cha maji ambako wanawake walipanga foleni na ndoo zao. Mlango ulikuwa karibu kabisa na geti, na kwenye mwimo wake kulikuwa na msumari mkubwa. Siku ya kwanza nilitundika hapo sweta langu la kijani la shule, lile nililoshuka nalo kutoka kwenye baridi ya nyumbani, na kwa joto la pale sikupata sababu ya kulivaa tena. Likaning'inia mwaka mzima, limeelekea geti.

Kazi yenyewe nilijifunza kwa kuifanya. Alfajiri nafungua koki, naburuta mpira kwenye ukoka mpaka ulowe, nahamia kwenye miarobaini na mabogenvilia ya getini, halafu nafagia majani, nachomoa mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye miiba, naziba matundu yanayopitisha mbuzi. Kabla ya sikukuu za taifa napaka mawe chokaa upya. Na mtu hakuruhusiwa kuingia. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote mwanzoni, halafu nikazoea, na kuzoea kwangu kunanishangaza leo. Bustani ya umma ilikuwa na kufuli, na kibao cha kukataza watu kukanyaga nyasi, na ilifunguliwa siku za sherehe, na kwa maharusi waliokwenda ofisini kuomba ruhusa ya kupiga picha. Siku nyingine zote aliyekanyaga ule ukoka ni mimi peke yangu. Wasafiri waliosubiri mabasi walikaa juani upande wa pili wa barabara, wameegemea mizigo yao, wakikitazama kivuli changu.

Mkubwa wangu alikuwa Bwana Elifasi, afisa mazingira, mtu mpole mwenye macho ya usingizi, aliyependa kusema kwamba suala hilo tutaliangalia. Alifurahi kunikuta. Alinipa gambuti za Mzee Zefania, zikanipwaya, akaniandika kibarua, akasema nivumilie kidogo mpaka mzee apone. Chuo kilipobakiza siku chache kufunguliwa nilikwenda ofisini kwake, nikamweleza habari zangu, nikavua kamba na kuuweka ufunguo juu ya meza yake. Hakuugusa. Aliusukuma taratibu kwa kalamu yake mpaka ukafika ukingoni upande wangu, akaniambia kwa upole kabisa kwamba yeye hana mtu, na maji yakikosa wa kuyapokea kwa wiki moja tu Same hii, ukoka wote unakufa na yeye ndiye atakayeulizwa. Kama angenyoosha mkono ningekuwa huru siku ile. Nilikaa nikiungoja mkono wake, naye alikaa akingoja niondoke. Mwishowe nikavaa kamba yangu, nikamshukuru, nikatoka. Nilimshukuru kwa lipi sijui.

Nikaandikia chuo kuomba kuahirishwa. Wakajibu kwamba nafasi yangu itanisubiri mpaka muhula wa mwaka unaofuata, na nisipofika itapewa mwingine moja kwa moja. Nikatuma ujumbe nyumbani kwa dereva wa gari la mlimani, nikitumaini mama atapanda hasira na kushuka kunitoa. Dereva alirudi na debe la mahindi na maharage ya makande, na maneno ya mama, kwamba maji nimeyapokea mwenyewe kwa mdomo wangu, basi nimsubiri mwenyewe arudi, nisije nikawatia watu aibu. Mama yangu hakuwa mkatili. Yeye aliwahi kukaa na maji ya ndiva siku ya mazishi ya dada yake, kwa sababu aliyepaswa kumpokea alichelewa, na hakuwahi kulalamika. Nilikula makande yale wiki nzima, nikiwa na hasira na kila punje.

Ndipo alipoingia Rehema, au niseme alipobaki nje, maana mwaka mzima tulizungumza geti likiwa katikati yetu. Aliuza chai na vitumbua pale getini. Alikuwa mtu wa Makanya, amenizidi umri miaka kadhaa, mumewe alichimba jasi huko kwao na alikuja mjini mara chache, akiwa mweupe kwa vumbi lake mpaka kope. Zuhura alikuwa anatambaa kwenye kanga iliyotandikwa karibu na jiko. Rehema alikuwa anapitisha kikombe cha chai kwenye nondo za geti, mimi napitisha bakuli la makande, na hivyo ndivyo tulivyokula pamoja. Ilikuwa lazima kuinamisha kikombe kidogo ili kipite, kwa hiyo kila siku ile chai ya kwanza ilimwagikia kwenye vidole vyangu. Aliniita mdogo wangu tangu siku ya pili. Nilipomweleza kwa nini siondoki, alicheka mpaka akaacha kitumbua kikaungua.

"Nyie watu wa juu mnayaogopa maji kwa sababu mnayo," aliniambia. "Sisi huko kwetu yakija tunayanywa tu."

Nilinuna. Lakini alirudia kuniuliza, leo hiki, kesho kile, mpaka akaijua desturi ile kuliko watoto wengi wa kitongoji chetu. Je, mtu akiugua? Anakaa. Je, akifa? Mwanawe anachukua jembe. Je, akiwa hana mwana? Hapo nilimwambia anyamaze aniache na chai yangu. Alikuwa anapenda kunichokoza nikiwa na njaa.

Kiangazi kilipoingia mambo yalianza kuwa mabaya. Kioski kilikauka siku nyingi kuliko kilivyotoa, foleni ikawa ndefu, na mimi ndani ya chumba changu nikawa nasikiliza mazungumzo ya watu ambao hawakujua kwamba michongoma si ukuta. Walinijadili. Mmoja alisema kuna binti wa mlimani mle ndani anaoga mara mbili. Mwingine akasema si kuoga tu, anaogesha na majani. Walicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka, halafu mama mmoja mzee akasema kwa sauti ya chini kwamba amekuja na ndoo hiyo hiyo tangu juzi na anarudi nayo hivyo hivyo, na majani ya serikali yanakunywa. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimeshika ufunguo kifuani kama mtu aliyejificha na kitu alichoiba. Bwana Elifasi alikuwa ameniagiza kwamba maji ya tangi yasitoke getini hata kikombe, kwa kuwa siku nikitoa ndoo moja nitatoa mia, na mimi niliyekulia kwenye zamu niliona ana haki. Kwetu maji ya zamu ya mtu hayagawiwi na aliyeyashika. Nikawa naamka mapema zaidi ili nimalize kumwagilia kabla foleni haijaja, na mchana nakaa chumbani nimefunga dirisha. Nilikuwa nimefungwa na watu wa nyumbani kwa upande mmoja, na kufuli la halmashauri kwa upande wa pili, na sasa hata macho ya wapita njia nikayakimbia. Nililia sana miezi ile. Rehema alijua, kwa sababu chai yangu ilikuwa inarudi haijaguswa.

Habari za Mzee Zefania nilizipata kupitia michongoma hiyo hiyo. Wanaume wawili walioshuka na gari la mlimani walisimama upande wa pili kujisaidia, na mmoja nilimtambua kwa sauti, jirani yetu wa juu. Alikuwa anamsimulia mwenzake kwamba mzee ana shamba la tangawizi jipya, amelima mwenyewe, anapanda na kushuka bila fimbo. Mwenzake akauliza, si alikuwa na kazi ya serikali huko chini? Jirani yetu akacheka, akamwigiza mzee, sauti na kikohozi chake.

"Kazi nimempa mtoto wa kwetu. Yule hawezi kuondoka, nimempa kwa maneno."

Nilikaa kitandani. Nilitaka kupiga kelele lakini nilikuwa na aibu ya kusikilizwa, maana nilijua mwenyewe ule uzio ulivyo. Kilichoniuma si mguu wa uongo tu. Ni kwamba alikuwa ametazama watoto wote wa kitongoji, akaona ni yupi aliyelelewa vizuri, akamsubiri ashuke na mkungu wa ndizi. Leo nimemsamehe nusu. Baadaye nilisikia kwamba naye alipokea ufunguo ule kwa namna hiyo hiyo ujanani, kutoka kwa mzee mwingine wa mlimani aliyemwambia atarudi, na alikuwa amezeekea mle ndani akingoja mtu wa kwao apite. Nusu nyingine ya msamaha nimeinyima, na nadhani nitaendelea kuinyima.

Siku hiyo nilimwambia Rehema kila kitu. Hakucheka. Aliniuliza chuo kinafunguliwa lini, nikamwambia, akahesabu kwa vidole, kisha akafunika sufuria yake. Na kama vile hayo hayatoshi, wiki hiyo Bwana Elifasi alikuja akitoka jasho kuniambia kwamba kuna ugeni mkubwa kutoka mkoani, wageni watapumzishwa bustanini, na hakuna ruhusa ya kutoka kwa mtu yeyote mpaka ugeni upite. Nikamwambia kwamba ugeni ukipita nafasi yangu itakuwa imepita pia. Alinihurumia kweli, niliona, macho yake ya usingizi yalifumbuka kabisa. Akasema tutaliangalia.

Asubuhi ya basi la mwisho ambalo lingenifikisha kwa wakati niliamka, nikafungua koki kama kawaida, nikaburuta mpira kwenye ukoka. Begi langu lilikuwa chini ya kitanda, na sikuwa nimelifungasha. Nilikuwa nimeshakubali. Watu hudhani kukata tamaa ni kitu cha kelele, lakini mimi nilikuwa nafikiria kama chokaa itatosha mawe ya upande wa barabara. Basi lilikuwa stendi, linaunguruma, naliona kupitia getini. Rehema akaniita. Alikuwa hajawasha jiko, na alikuwa amembeba Zuhura mgongoni.

"Nipe huo ufunguo," akasema, na akapitisha mkono kwenye nondo.

Nikamwambia, "Dada, hujui unachoomba."

"Umenieleza mwaka mzima. Najua kuliko mnavyojua nyie wenyewe. Sema maneno yenu, basi linaondoka."

Nilimtazama usoni, kama inavyotakiwa. Nilitaka kumkatalia, nasema kweli nilitaka. Lakini mkono ulikuwa pale, kiganja juu, kina alama za mafuta ya vitumbua, mkono wa kwanza kunyooshwa kwangu tangu Mzee Zefania anipe mgongo. Kamba ilininasa kwenye nywele nilipoivua. Nikamwekea ufunguo kiganjani na nikasema, "Maji haya hapa," kwa Kiswahili.

"Nimeyapokea," akajibu. "Haya, fungua geti, kachukue begi."

Niliporudi na begi alikuwa ameshaingia bustanini, mara yake ya kwanza. Alilitoa sweta langu msumarini, akalikung'uta vumbi la mwaka mzima, akanivalisha mabegani akisema huko ninakokwenda kuna baridi. Nilivuka barabara nikikimbia. Sikugeuka nyuma, kwa kuogopa kwamba nikimwona na ule ufunguo nitarudi.

Nikawa muuguzi. Hayo mengine yana sura zake. Lakini miaka yote hiyo niliishi nikijua kwamba kuna mwanamke ananilipia mahali fulani. Kila nilipokwenda nyumbani niliteremkia Makanya na kupanda milima kutokea huko, ili nisifike Same. Simu za mkononi zilipokuja tukawa tunazungumza kila Idi na kila Krismasi. Nilimuuliza habari za Zuhura, za mumewe, za magoti yake, na mwishoni, kwa haraka, habari za bustani. Alikuwa anajibu kwamba ipo, na kwamba nikija atanionyesha. Sikuwahi kuuliza zaidi ya hapo, maana nilidhani najua atakachonionyesha. Usiku wa zamu wodini, mgonjwa wa mwisho akishalala, nilikuwa namwona chini ya tangi lile, amevaa gambuti za Mzee Zefania, anafunga dirisha ili wanawake wa foleni wasimwone.

Nilifika Same siku ya pili baada ya mazishi, kwa kuwa Sumbawanga si karibu na wenzetu Waislamu hawacheleweshi. Zuhura, ambaye sasa ni mama wa watoto na ana mjukuu anayemwita bibi, alinipokea stendi, akaniita mama mdogo, tukalia kidogo palepale kati ya mizigo ya watu. Kisha akanishika mkono tuvuke barabara. Niligoma. Nilimwambia nimechoka, twende kwanza nyumbani nikawape mkono wafiwa. Akasema mama aliagiza kwamba nikija nipitishwe huku kwanza.

Geti lilikuwa wazi. Si kwamba lilifunguliwa siku ile, bawaba zake zilishashikana na kutu na bogenvilia imepita katikati ya nondo. Kwenye ukoka walikaa abiria na mabegi yao, wanafunzi, mama mmoja ananyonyesha, wazee wanacheza bao chini ya mwarobaini uliokuwa mwembamba kama mkono wangu nilipouacha. Sehemu nyingine nyasi zilikuwa zimechakaa kwa kukanyagwa, hazikufanana kabisa na zangu, na kibao cha makatazo hakikuwepo. Binti mmoja mwenye ndoo alikwenda kwenye koki, akachota, kabla ya kuondoka akamwaga kiasi kwenye shina la mti, akajitwika ndoo, akaenda zake. Hakuna aliyemwambia kitu.

Nikamuuliza Zuhura mama yake alikaa kwenye chumba kile mpaka lini. Hakunielewa. Nikamwonyesha chumba cha chini ya tangi. Akacheka kicheko cha mama yake hasa, mpaka nikashtuka.

"Mama hakulala humo hata siku moja," akasema. "Yeye alikuwa anasimulia kwamba basi lenu lilikuwa halijafika hata Makanya, yeye ameshautundika ufunguo na ameshawasha jiko la vitumbua."

Akaendelea kunisimulia huku tukitembea. Kwamba asubuhi ile Rehema alikwenda kwenye foleni ya kioski, akawaambia wanawake koki ile pale, kila mtu achote, lakini kabla ya kutoka amwagie mti mmoja au kipande cha ukoka, huo ndio msaragambo wake. Ile kazi ya wote ya kitongojini, ambayo kwetu huitwa kwa baragumu, yeye aliiita kwa mwiko wa vitumbua. Bwana Elifasi alikuja akafoka, akatishia polisi, akauliza ufunguo wa serikali kauchukua nani. Akaonyeshwa ulipo. Wageni wa mkoani walipofika walikuta bustani mbichi kuliko ilivyowahi kuwa, wakamsifu, na tangu siku hiyo hakusema neno mpaka alipohamishwa. Halmashauri imeshaleta wazabuni na wamekuja wakaondoka, alisema, na safari nyingine nyasi hukauka kabisa, lakini masika yakija zinarudi.

Nilimhurumia Rehema miaka yote hiyo, na yeye alikuwa anauza vitumbua. Kwa mara ya kwanza tangu simu ile ya msiba nilitamani sana awe hai, si ili nimshukuru, bali ili nimgombeze kwa kutoniambia, ingawa nilijua atakavyojibu, kwamba alinikaribisha kila Idi. Nikauliza tu, ufunguo wenyewe uko wapi siku hizi.

Zuhura alinyoosha kidole bila hata kugeuza kichwa. Kwenye mwimo wa mlango wa chumba changu, karibu na geti, ufunguo ulikuwa unaning'inia msumarini kwa kamba mpya ya nailoni, umeng'aa kwa kushikwa na mikono mingi. Nilisogea nikaugusa, nikagusa na msumari wenyewe. Ulikuwa ule ule. Nikamwambia Zuhura kwamba msumari huu naujua, mwaka mzima nilitundika sweta langu hapa.

"Sasa ufunguo ulikuwa unauweka wapi, mama mdogo?" akaniuliza.

Nikamwonyesha shingo yangu.